Walimlilia Aliyepona, Wakamshangilia Mgonjwa

Waliishi Garissa wazee wawili, majirani wa Bulla Iftin, marafiki tangu ujana wao. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, mtu mwenye sauti kubwa mnadani na jicho lisilodanganywa. Mwenzake alikuwa na duka la nguo Soko Mugdi. Mwaka 2019 walipanda basi moja kwenda Nairobi, wakafanyiwa kipimo kimoja cha tezi dume, siku moja. Mwenye duka akaambiwa ana saratani. Mwenye ngamia akaambiwa haikuonekana. Watu wakamlilia yule wa kwanza, wakamshangilia yule wa pili. Miaka mitano baadaye, yule waliyemlilia ndiye aliyesimama kwenye mazishi ya yule waliyemshangilia.

Wazee hawa hawana majina kwa sababu nimewaunda mimi, ili kisa kifunze bila kumwaibisha mtu wala ukoo. Lakini yaliyowafika huwafika watu. Vipimo ni hivi vinavyotolewa hospitalini, dawa ni hizi zinazouzwa, na kosa lililommaliza mwenye ngamia hufanywa na watu wenye akili timamu na watoto wanaompenda baba yao. Nalisimulia kwa kuwa linaepukika.

Mambo yalianza kwa mwenye ngamia. Alipofika miaka 66 usingizi wake ulianza kukatika. Aliamka mara mbili usiku kwenda haja ndogo, kisha mara nne, kisha karibu kila saa. Mkojo ulimtoka kwa shida, ukikatika na kuanza tena, na alipodhani amemaliza, matone yakakichafua kikoi. Kwa mtu aliyezoea kusali safu ya mbele, hilo lilimwelemea kuliko maumivu yoyote. Hakuwa tena na hakika na udhu wake. Akahamia safu ya nyuma karibu na mlango, baadaye akaanza kusali nyumbani. Mkewe alipomuuliza, alijibu kuwa ni uzee. Alinunua vidonge kwenye kemisti akisema ni vya mgongo, maana aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa msichana wa rika la binti yake, na maneno yenyewe yaligoma kumtoka.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alikaribia kuumbuliwa usiku mmoja mkojo ulipoziba kabisa. Tumbo lilijaa chini ya kitovu, likawa gumu, jasho likamtiririka. Rafiki yake mwenye duka ndiye aliyeita tuktuk na kumfikisha hospitali. Muuguzi kijana alimwekea mpira, na mkojo uliotoka ulizidi lita moja.

"Adeer," muuguzi alimwambia, kwa heshima anayopewa ami, "hili halingefika hapa kama ungekuja mwaka jana."

Kisha akamgeukia aliyemleta. "Na wewe, adeer, umeshapita hamsini. Umewahi kupimwa?"

Mwenye duka akasema hana shida yoyote ya mkojo. Muuguzi akamketisha, akamweleza jambo ambalo wanaume wengi hawalijui. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume anapozeeka, sehemu ya katikati ya tezi huvimba na kuibana njia hiyo. Uvimbe huo ni wa kawaida na si saratani. Saratani yenyewe mara nyingi huota sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na njia ya mkojo, na inapoanza haimsumbui mtu kwa lolote. Kwa hiyo anayekojoa vizuri hajapata hakikisho la uzima, na anayekojoa kwa shida hajahukumiwa kuwa na saratani. Mwenye duka akakubali kutolewa damu.

Kipimo cha damu hicho huitwa PSA. Hupima protini inayotengenezwa na tezi dume, ambayo kiasi chake huvuja na kuingia kwenye damu. Mkojo ukiziba na mpira ukiingizwa, PSA hupanda, kwa hiyo mwenye ngamia aliambiwa asubiri wiki sita ndipo apimwe. Majibu yalipotoka, yake yalikuwa 15 na ya mwenye duka yalikuwa 8. Kwa miaka mingi madaktari wengi wametumia 4 kama mstari wa tahadhari, na wote wawili walikuwa wameuvuka. Mtaani ikajulikana kwamba mwenye ngamia ndiye mwenye hali mbaya, maana 15 ni karibu mara mbili ya 8.

Wakasafiri wakiwa na kijana wa mwenye ngamia. Basi lilivuka daraja la Tana baada ya ukaguzi wa vitambulisho, likapita Mwingi na Thika, na jioni wakafikia kwa jamaa zao Islii. Katika hospitali moja jijini walipigwa picha ya ultrasaundi, na hapo ndipo tofauti yao ya kweli ilipoonekana. Tezi ya mwenye duka ilikuwa na ujazo wa mililita 27, karibu sawa na ya kijana. Ya mwenye ngamia ilikuwa na mililita 95. Karatasi ya picha iliandikwa hivyo, ikakunjwa, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Siku iliyofuata walifanyiwa biopsi. Daktari huingiza kifaa cha ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa ili aione tezi kwenye skrini, kisha hufyatua sindano inayochomoa uzi mwembamba wa nyama kwa ajili ya uchunguzi wa maabara. Kila mmoja alichukuliwa nyuzi 12, sita kila upande, akapewa dawa za kuzuia maambukizi. Baada ya wiki mbili wakarudi kusikia majibu.

Katika nyuzi za mwenye duka, tatu zilikuwa na saratani, ingali ndani ya tezi. Katika nyuzi za mwenye ngamia haikuonekana hata chembe moja. "Mzee," daktari alimwambia, "katika nyama tuliyochukua hatukuona saratani. Urudi baada ya miezi sita tupime damu tena." Mzee akasema alhamdulillahi. Kijana wake, kabla hata ya kushuka ngazi, alikwisha piga simu nyumbani: "Baba hana saratani." Nusu ya pili ya maneno ya daktari haikuvuka daraja la Tana.

Bulla Iftin walichinja mbuzi, watu wakala, wakaomba dua. Nyumba ya pili ilijaa wageni waliozungumza kwa sauti ya chini. Ukoo ukakusanya mchango, duka likafungwa kwa miezi, na mwenye duka akarudi Nairobi kutibiwa kwa mionzi na sindano za kupunguza homoni ya kiume. Matibabu yalimchosha, yakamletea joto la ghafla mwilini na kumwondolea nguvu kwa muda mrefu. Lakini PSA yake ilishuka ikabaki chini, na anapimwa kila inapofika tarehe. Anaendelea na kazi yake.

Mwenye ngamia naye aliandikiwa vidonge vya finasteridi vya kuisinyaza tezi, na mkojo wake ukawa afadhali. Baada ya mwaka mmoja, si miezi sita, kijana wake alimshawishi apimwe PSA katika maabara ya mjini. Majibu yalikuwa 9. Kutoka 15 hadi 9! Familia ikafurahi mara ya pili. Aliyetoa damu hakujua mzee anameza dawa gani, na hakuna aliyemwambia.

Hapo palikuwa na onyo ambalo halikusomwa. Dawa za jamii ya finasteridi, ikiwemo dutasteridi, hushusha PSA kwa karibu nusu mtu anapozitumia kwa miezi sita hadi mwaka. Anayezimeza lazima PSA yake izidishwe mara mbili ndipo ijulikane ilipo. Kama tezi ya mzee ilikuwa imevimba tu, PSA yake ya 15 ingeshuka ikakaribia 7 na nusu. Tisa mara mbili ni 18. Ilikuwa imepanda.

Kisha ukaja ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mzee aliwafuata ngamia wake upande wa Ijara na kwingineko kulikosemekana kuna malisho. Mgongo ulipoanza kumuuma alisema ni safari. Maumivu yalipomzuia kulala, alichomwa kiunoni kwa chuma cha moto, kama desturi ilivyo kwa wafugaji wengi wa eneo hili. Akapata nafuu ya siku chache. Mwaka 2023, asubuhi moja, alishindwa kusimama kwa ajili ya swala. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Walimpakia kwenye gari hadi Garissa mjini. PSA yake ilizidi 600. Picha zilionyesha saratani kwenye mifupa ya uti wa mgongo na nyonga, ikiukandamiza uti wenyewe. Kijana alikuwa na ule mfuko wa plastiki, na kwa uchungu akamuuliza daktari, "Sindano kumi na mbili hazikuona kitu. Tulidanganywa?"

Daktari aliziweka mezani karatasi tatu: ya damu, ya picha na ya biopsi. Zilikuwa zimekaa pamoja kwa miaka minne bila mtu kuzisoma pamoja.

"Hamkudanganywa," alisema. "Wewe ni mtoto wa nchi kavu, visima unavijua. Chukua shamba la ekari 27 lenye maji mahali fulani chini yake. Chimba visima kumi na viwili, yaelekea utayapata. Sasa chukua shamba la ekari 95, uchimbe visima hivyo hivyo kumi na viwili. Vyote vikiwa vikavu, utaapa kwamba shamba lote halina maji?"

Kijana hakujibu.

Hilo ndilo jambo lenyewe, na linafaa kuelezwa kwa hesabu. Uzi mmoja wa biopsi una unene wa milimita moja hivi na urefu usiozidi sana milimita 15 hadi 20. Nyuzi 12 zikijumlishwa hazifiki hata robo ya mililita. Katika tezi ya mililita 27, nyama iliyochunguzwa ni kama sehemu sita katika elfu. Katika tezi ya mililita 95 haifiki sehemu mbili katika elfu. Karatasi ya maabara haikusema mzee hana saratani. Ilisema hakuna seli za saratani katika vipande vilivyopokelewa, na maneno hayo yana mpaka wake.

Madaktari walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1989 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia ya kuchukua nyuzi sita kwa mpangilio, na njia hiyo ikaenea duniani. Mwaka 1995 Robert Uzzo na wenzake wa New York wakachapisha uchunguzi wa wanaume 1,021 waliopimwa kwa njia hiyo. Kwa wenye tezi ndogo kuliko mililita 50, saratani ilionekana kwa asilimia 38. Kwa wenye tezi kubwa kuliko hapo ilionekana kwa asilimia 23. Sindano zilikuwa sita kwa wote, na ukubwa wa tezi ukatofautisha majibu. Uchunguzi wa namna hiyo ulichangia madaktari kuongeza nyuzi hadi 10, 12 na zaidi, hasa kwa tezi kubwa.

Hata hivyo haki itendeke kwa upande wa pili. Si kila mwenye tezi kubwa ambaye saratani haikuonekana kwake alikuwa nayo imejificha. Tezi kubwa hutengeneza PSA nyingi zaidi kwa sababu tu ni kubwa. Kwa hiyo wanaume wengi wenye uvimbe wa kawaida hufikishwa kwenye sindano na namba zilizopanda, na wengi wao kweli hawana saratani. Sababu hizi mbili hufanya kazi pamoja: sindano huikosa saratani iliyopo, na namba huwaleta wasio nayo. Kazi ya daktari na ya familia ni kutomchanganya wa kundi la kwanza na wa kundi la pili.

Njia moja nyepesi ya kuwatenganisha haihitaji mashine mpya. Chukua PSA uigawanye kwa ujazo wa tezi. Madaktari wengi hutumia 0.15 kama mstari, na namba ikiuvuka wasiwasi huongezeka. Kwa mwenye duka, 8 kugawanya kwa 27 ni karibu 0.3, mbali juu ya mstari, ingawa PSA yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake. Kwa mwenye ngamia, 15 kugawanya kwa 95 ni karibu 0.16. Huyu alikuwa kwenye mstari wenyewe, kidogo upande wa hatari. Si namba ya kumtia mtu kitanzini, wala si namba ya kuchinjia mbuzi na kusahau. Ilitaka macho juu yake, na macho hayakuwepo.

Ushahidi mwingine kwamba ukubwa wa tezi unaweza kuipotosha sindano ulitoka katika majaribio ya dawa ile ile aliyomeza mzee. Huko Marekani wanaume 18,882 waligawanywa, nusu wakapewa finasteridi na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka saba. Matokeo ya 2003 yalionyesha kuwa waliomeza dawa walipata saratani pungufu kwa karibu robo, lakini saratani za aina kali zilionekana zaidi kwao, asilimia 6.4 dhidi ya 5.1. Watu waliogopa kwamba dawa inaleta saratani kali. Wachunguzi walipolitazama tena waliona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ile ilitokana na tezi kusinyaa, sindano ikafika mahali ambapo kwa wengine ilipita kando. Taarifa ya 2013, baada ya kuwafuatilia wanaume hao hadi miaka 18, ilionyesha makundi yote mawili yaliishi sawa. Mwenye ngamia angerudishwa kwenye biopsi katika mwaka ule wa pili, tezi ikiwa imesinyaa na PSA yake ya kweli ikiwa 18, huenda saratani ingekutwa ingali ndani ya tezi.

Siku hizi ipo na picha ya MRI. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017 kwa wanaume 576, uligundua kuwa biopsi ya kawaida kwa ultrasaundi iliona asilimia 48 tu ya saratani za kutia hofu, wakati MRI iliziona asilimia 93. MRI humwonyesha daktari mahali pa kulenga, naye hapeleki sindano kwa kukadiria. Lakini MRI hutia shaka pia mahali pasipo na kitu, kwa hiyo haiondoi haja ya sindano. Wala haipo katika kila hospitali, na gharama yake ni nzito kwa familia ya mfugaji wa Wajir au Mandera. Ndiyo maana nasisitiza zaidi kile ambacho hakina gharama: kusoma karatasi tatu pamoja, na kurudi siku uliyoambiwa.

Mzee alipata matibabu ya kumpunguzia maumivu. Alipigwa mionzi mgongoni, akapewa sindano za kuizima homoni inayoilisha saratani. Maumivu yalipungua, akaweza kukaa na kuzungumza na wajukuu. Miguu haikurudi. Aliishi mwaka mmoja na miezi michache. Rafiki yake mwenye duka alikuja kila Ijumaa baada ya swala kukaa naye, na siku moja mzee alimwambia, "Walaal, ndugu yangu, wewe ulilia mapema ukamaliza. Mimi nilicheka kabla ya wakati." Alizikwa 2024.

Sasa nataka kusema na wanaume wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na wake na watoto wao, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoshika karatasi.

Hakuna saratani inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya kuliko hii. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya karibu 3,400 kwa mwaka huo mmoja. Marekani, ambako takwimu zimekusanywa kwa miaka mingi, wanaume weusi huugua zaidi kuliko weupe na hufa kwa kiwango cha karibu mara mbili au zaidi. Si ugonjwa wa watu wa mbali wala wa mwenye dhambi fulani. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, akaishi hadi 2013. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa nayo 1997, akaisema hadharani, akaishi hadi Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Watu wazima wenye heshima zao waliutaja ugonjwa huu kwa jina na heshima haikupungua. Mzee wetu aliyeshindwa kuutaja mbele ya msichana wa kemisti alilipa kwa ukimya huo mwaka wa kwanza, na si huo peke yake.

Ukipimwa PSA, uliza namba na uiandike. Ukipigwa picha, uliza ujazo wa tezi kwa mililita na uuandike kando ya namba ile. Ukifanyiwa biopsi, uliza nyuzi ngapi zilichukuliwa. Mwambie anayekupima dawa zote unazomeza, na kama ni finasteridi au dutasteridi itaje kwa jina, maana bila hilo namba ya damu itakudanganya. Ukiambiwa haikuonekana, usiondoke kabla ya kuuliza nirudi lini, nikapimwe nini, na namba ikifika ngapi tuchukue hatua nyingine. Majibu ya maswali haya yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na ukurasa huo husafiri na mtu hata malishoni.

Na zipo dalili zisizongoja tarehe. Mwenye historia ya PSA iliyopanda akianza kuumwa mgongo au nyonga kwa maumivu yasiyoisha usiku, hiyo ni safari ya hospitali, si ya chuma cha moto. Miguu ikianza kulegea au ganzi ikapanda, ni dharura ya siku hiyo hiyo, maana uti ukishakandamizwa saa huhesabiwa.

Nasema pia na wanaotibu. Mzee anapotoka kwenu na tezi kubwa na biopsi isiyoonyesha kitu, msimwachie neno "hakuna" likasafiri peke yake kilomita zaidi ya 360 hadi Garissa, na mamia mengine hadi Mandera. Mwandikieni kwenye karatasi ile ile: ujazo, PSA, mgawanyo wake, tarehe ya kurudi. Mwiteni kijana wake arudie alichosikia kabla hawajashuka ngazi.

Wala hofu isichukue nafasi ya busara. Tezi kubwa si saratani. Biopsi ina hatari zake, hasa maambukizi, na haifanywi kila namba inapotikisika. Zipo saratani za tezi dume zinazokwenda polepole kiasi kwamba daktari huzifuatilia tu bila kuzitibu. Hayo yote huamuliwa mezani kwa daktari, na mgonjwa ambaye hayupo mezani hawezi kuamuliwa lolote.

Garissa leo ni miongoni mwa miji ya nje ya Nairobi, pamoja na Mombasa na Nakuru, iliyojengewa vituo vya kanda vya saratani vyenye mionzi. Njia iliyokuwa ndefu imefupishwa kwa sehemu. Kilichobaki ni mwanaume kukubali kuipita mara ya kwanza, na kuipita tena hata baada ya kuambiwa habari njema. Baba yako akirudi na karatasi inayosema haikuonekana, mshukuru Mungu pamoja naye, kisha soma tezi yake ni mililita ngapi. Ikiwa ni kubwa, andika tarehe ya kurudi, na siku hiyo ikifika mpeleke wewe mwenyewe.